Websaiti Imefunguliwa, Lakini Haifunguki

Kila asubuhi yenye jua, Paska hutandaza tenti zake uani. Panya wa hapa Koboko, Uganda, hawana heshima. Ukiacha tenti imekunjwa muda mrefu, wanazaa humo. Kwa hiyo Paska hufungua kamba, hupiga vumbi kwa ufagio, hukagua mishono, halafu hukunja tena.

Zamani kazi hii haikuwepo. Tenti hazikulala nyumbani. Zilitoka Ludara zikaenda Abuku. Zilitoka harusini zikaingia matangani. Jua lilizikausha huko huko kazini.

Paska alianza biashara hii ya kukodisha tenti kwa sababu ya mvua. Baba yake alizikwa mvuani. Mchungaji alisoma upesi upesi. Udongo ukawa kama uji. Wazee walisimama na magunia vichwani. Siku hizo tenti zilikuwa za wakubwa. Mkutano wa siasa ulikuwa na tenti. Mazishi ya mkulima hayakuwa nayo. Paska hakusahau. Aliponunua tenti yake ya kwanza alisema, "Hii si ya mkutano. Hii ni ya mtu aliyefiwa."

Sasa tenti hizo zilikuwa karibu kuondoka. Mume wake, Acidri, askari mstaafu, alikuwa amezungumza na Natale wa Arua. Natale ni mfanyabiashara mwenye lori. Alikubali kuja mwisho wa mwezi kununua vyote: tenti, viti vya plastiki, na zile sufuria kubwa za kupikia wageni.

"Mama Peace, usinikasirikie," Acidri alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja cha kukodisha, maana vyote vilikuwa nyumbani. "Tenti iko nalisha panya tu. Tuuze. Turudi kwa muhogo."

"Simu iliacha kulia lini, Baba Peace?"

"Hata sijui."

"Unajua. Sema."

Acidri alikuna kidevu. "Tangu websaiti," alisema kwa sauti ndogo.

Websaiti ni nini? Wengine huiita tovuti. Ni kama duka lako ndani ya mtandao. Mtu aliye mbali huingia kwa simu au kompyuta. Anaona unauza nini, uko wapi, na atakupata namna gani. Ni kitu kizuri. Acidri hakukosea kuitaka. Alikosea alipoamini kwamba chochote kinachotoka Kampala lazima kiwe kizuri.

Katika ukoo wao yuko binti anayejua kazi hii. Ni Kevina, mtoto wa dada yake Acidri. Anatengeneza websaiti za watu pale Arua. Paska alisema, "Tumpe Kevina." Acidri alicheka. "Kevina nilimfuta kamasi mimi mwenyewe. Atajua nini?" Akaita kampuni ya Kampala. Wakamtuma bwana mmoja mwenye tai.

Siku ya kufungua websaiti, Acidri alichinja mbuzi. Walikodi skrini, kioo cha kuonyeshea picha, kikubwa kama mlango. Walikiweka mbele ya tenti. Walifunga utepe mwekundu mbele yake. Mchungaji aliomba, akabariki mpaka nyaya. Utepe ukakatwa. Kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kiingereza, picha ya Acidri na kofia yake ya jeshi, na tenti nyeupe zinazopita moja baada ya nyingine. Watu walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Ngoma ikalia.

Hakuna hata mmoja aliyetoa simu mfukoni akajaribu.

Sisi watu wa West Nile tuna kidonda hiki. Tulingoja lami mpaka watoto wetu wakawa wazazi. Tulingoja umeme. Tulipanga foleni posta kupiga simu moja, na aliyekaa nyuma ya dirisha akafunga akaenda kula. Kila kitu kilikuja kimechelewa, na kila kilipokuja tulipiga makofi. Kungoja kulitufundisha vibaya. Tumezoea kupiga makofi kabla ya kujaribu.

Bwana wa tai alitoa na ushauri. "Futeni namba ya simu ukutani," alisema. "Namba ni mambo ya kijijini. Andikeni jina la websaiti peke yake. Hata kwenye redio, tajeni websaiti tu." Acidri akapaka rangi juu ya namba. Bwana wa tai akala mbuzi, akaweka video ya sherehe kwenye websaiti, akapanda basi.

Basi simu ikanyamaza.

Siku moja mwanamke aliingia uani. Paska alikuwa na ufagio mkononi. Mwanamke alivaa nguo nyeusi. Hakukaa alipokaribishwa.

"Wewe ndiyo mama ya tenti?"

"Ndiyo, dada yangu. Karibu. Kuna msiba?"

"Msiba imeisha. Mimi naitwa Keji. Natoka Ludara. Tulikimbia vita kule Sudan ya Kusini, tukapewa shamba ya kulima pale. Mama yangu alikufa Kuluva, kwa hospitali."

"Pole sana, dada. Pole sana."

"Ngoja, usiseme pole haraka." Keji alitoa simu yake. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. "Mimi nilikuwa kwa mlango ya wodi. Mvua ilikuwa natisha. Nikasema, nitafute tenti, tukifika nyumbani na maiti, watu wapate kukaa. Nikakumbuka redio. Redio ilisema websaiti. Namba haikusema. Nikafungua websaiti yenu. Mkono moja nashika simu, mkono ingine nashika vitu ya mama. Nangoja. Nangoja. Unajua nini ilikuja kwanza?"

Paska alitikisa kichwa.

"Video. Ilianza yenyewe, mimi hapana bonyeza. Ngoma nalia. Watu wanacheza. Mbuzi inachinjwa. Mama yangu amelala chini ya shuka, na simu yangu iko napiga ngoma! Watu wa wodi wakanigeukia. Nikataka kuzima, kile kitu ya kuzima ni kidogo kama jicho ya sindano. Nikatafuta namba, hapana ona. Halafu bando ikaisha. Ngoma yenu ilikula bando yangu yote."

Paska aliweka ufagio chini.

"Tulizika mama kwa mvua," Keji alisema. "Tenti yenu ilikuwa wapi siku ile?"

Paska aliangalia tenti iliyotandazwa miguuni pake. Ilikuwa hapa hapa. Imekauka vizuri. Alikaa chini, juu ya tenti. Alimwona baba yake tena, na magunia, na uji wa udongo.

Acidri alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Alijikaza. "Lakini websaiti ilifunguliwa vizuri," alisema. "Hata mchungaji alikuwepo."

"Mzee," Keji alisema, "ilifunguliwa. Lakini haifunguki."

Acidri alirudi ndani.

Paska alisimama. "Dada Keji, sala ya arobaini ya mama yako bado?"

"Bado."

"Tuite. Nakuomba. Tutakuja."

"Nitaita," Keji alisema, "kama nyinyi naitika." Akaenda zake.

Siku hiyo hiyo Paska alimpigia Kevina. Hakumwomba ruhusa mtu yeyote.

Kevina alifika kutoka Arua na begi mgongoni. Alimsalimu mjomba wake kwa heshima, akapewa chai. Acidri alisubiri amcheke. Kevina hakucheka. Aliomba kuona websaiti.

"Nitakuletea ile kompyuta ya jirani," Acidri alisema.

"Hapana, Mjomba. Wateja wenu wanakuja na kompyuta?"

"Nani Ludara atakuwa na kompyuta?"

"Basi tutumie simu yako."

Acidri aliwasha simu yake. Ni kweli, hakuwa amewahi kuifungua websaiti yake kwa simu. Walingoja. Chai ikapoa. Kisha maandishi yakaja, madogo kama siafu waliokanyagana. Acidri alisogeza simu karibu na pua. Akaipeleka mbali. Akavaa miwani.

"Sasa mpigie Shangazi simu kwa kutumia hiyo websaiti," Kevina alisema.

Acidri alisukuma ukurasa kushoto, kulia, chini. Alibonyeza neno moja, likafunguka jingine. Mwishowe aliona namba. Ilikuwa ndani ya picha ya ukuta wao, kabla haujapakwa rangi. Aliibonyeza kwa nguvu. Haikupiga.

"Iko nakataa!"

"Ile ni picha ya namba, Mjomba. Huwezi kuibonyeza, kama huwezi kula picha ya muhogo."

Paska alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Hata Acidri alitabasamu kidogo.

"Yule bwana alikosea wapi hasa?" Paska aliuliza.

"Alijenga kwa ajili ya kioo kikubwa kwanza," Kevina alisema. "Alikaa ofisini mbele ya kioo kipana. Mtandao wake una nguvu na haulipii mwenyewe. Alipanga vitu vingi, maana nafasi ilikuwepo. Halafu akavikandamiza viingie ndani ya simu. Ni kama kuchukua nguo ya mtu mnene umkazie mtoto kwa kamba. Lazima uanze na simu. Simu ikitosheleza, ndipo unapanua kwa ajili ya kompyuta. Kupanua ni rahisi. Kukandamiza ndiko kunavunja."

Aliingia stoo akatoka na boksi la sabuni. Akaomba kisu. Alikata kipande cha boksi, kipana kama ile simu. Akampa mjomba wake kalamu.

"Mjomba, hii ndiyo nafasi yote uliyo nayo. Andika vile mteja ataona kwanza."

Acidri alifurahi. Aliandika jina la kampuni kwa herufi kubwa. Nusu ya boksi ikaisha. "Hapa, picha yangu. Mimi iko mwenye kampuni." Akachora kofia. "Hapa, historia yetu. Hapa..." Boksi likajaa.

"Mwenye msiba atabonyeza wapi?" Kevina aliuliza.

Acidri aligeuza boksi. Upande wa nyuma ulikuwa mtupu. "Hapa?"

"Simu haina mgongo wa kuandika, Baba Peace," Paska alisema.

Kevina alikata kipande kingine akampa Paska. Paska hakuandika haraka. Alimfikiria Keji mlangoni pa wodi. Mtu huyo hataki historia. Hataki kofia.

"Anataka kujua tuna nini," Paska alisema polepole. "Tunafika wapi. Na anataka kunisikia mimi, sasa hivi."

"Andika hivyo."

Aliandika: Tenti, viti, sufuria. Harusi na msiba. Tunafika Koboko yote na Arua. Chini yake alichora kisanduku kikubwa. Ndani yake: Piga simu.

"Kisanduku kwa nini umekiweka chini?" Acidri aliuliza. "Mambo makubwa hukaa juu."

Paska alichukua ufagio kwa mkono wa kushoto. Akachukua boksi kwa mkono wa kulia, kama simu. Kidole gumba chake kikaanguka chini, juu ya kile kisanduku.

"Kwa sababu simu hushikwa kwa mkono mmoja," alisema. "Mkono wa pili una kazi. Una mtoto, au una vitu vya marehemu."

Kevina alimtazama shangazi yake. "Hilo," alisema, "watu hulisomea darasani."

Kazi ilianza. Kevina aliondoa video. Zile picha alizipunguza uzito. "Picha ina uzito kama gunia," alieleza. "Huuoni kwa macho, lakini mwenye bando ndiye anayebeba." Alibakiza picha chache za tenti halisi. Maandishi aliyapanga mstari chini ya mstari, ili mtu asisukume kushoto na kulia. Ile fomu iliyomdai mteja anwani ya barua pepe aliitupa. "Aliyefiwa hataki kujaza fomu. Na wengi hapa hawana barua pepe." Kiingereza kilibaki, lakini Kiswahili kikaja mbele. Aliahidi kuongeza Kilugbara na Kikakwa, na watu wa lugha hizo wenyewe ndio watakaosoma na kusahihisha.

"Na picha yangu?" Acidri aliuliza.

"Ipo, Mjomba. Ukurasa wa pili. Anayetaka kukujua atakufuata huko."

"Ukurasa ya pili," Acidri alinung'unika. "Jeshini nilikuwa mstari ya mbele."

"Sasa tukate utepe?" Paska alimtania.

"Bado," Kevina alisema. "Twende Ludara kwanza. Tumpe Keji ajaribu."

Walimkuta Keji akipalilia. Jua lilikuwa kali. Kevina alimpa bando kwenye simu yake ile yenye ufa. Hakumwelekeza. Alisema tu, "Dada, unataka tenti. Fanya vile ungefanya. Mimi nitanyamaza." Na akanyamaza kweli. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa wasomi wengi.

Ukurasa ulikuja upesi. Keji alikunja uso. "Naona kivuli tu."

Maandishi yalikuwa ya kijivu. Ndani ya nyumba yalipendeza. Juani yalipotea. Kevina aliandika kosa lake kwenye mkono wake kwa kalamu: weusi juu ya weupe.

Keji alisogea kivulini, akaendelea. Kidole chake kilisimama. "Hapa imeandikwa Wasiliana nasi. Nani hawa? Nafanya nini na wao?"

Paska alimgeukia Kevina. "Mimi niliandika Piga simu!"

"Nilibadilisha, Shangazi." Kevina aliona haya kidogo. "Niliona Wasiliana nasi ni lugha nzuri zaidi."

"Nzuri kwa nani?" Keji aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Kevina alikaa pale pale ukingoni mwa shamba, akafungua kompyuta yake juu ya magoti, akarekebisha vyote viwili. Keji alijaribu tena. Alibonyeza Piga simu kwa kidole gumba, jembe likiwa mkono wa pili. Simu ya Paska ikalia mfukoni.

Walitazamana, hatua chache kati yao, simu ikilia. Paska aliitika. "Halo?"

"Halo, mama ya tenti," Keji alisema kwenye simu. "Kumbe uko?"

Waliporudi Koboko, Paska alipanda ngazi mwenyewe. Alipaka rangi upya ukutani. Jina la websaiti likabaki, na namba ya simu ikarudi, kubwa. Wengi bado wana kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, na websaiti haiingii humo. Redio nayo ikapewa namba. Kitu kipya kisimfukuze mteja wa zamani.

Simu zikaanza kulia. Si nyingi. Harusi moja ya Abuku. Kipaimara. Mzee aliyetaka viti tu. Lakini Acidri alikuwa amempa Natale neno lake. "Neno ya askari hairudi nyuma," alisema. Kila Paska alipojaribu kuzungumza, mumewe alisema hivyo hivyo, na akaenda kukagua mashina yake ya muhogo. Paska aliendelea kutandaza tenti juani. Mara hii alizitazama kama mtu anayeaga.

Mwisho wa mwezi lori likaingia uani. Natale alishuka, mtu mnene mwenye maneno mengi.

"Shemeji Paska! Zimekunjwa? Zimefungwa? Vijana wapakie?"

Paska alielekeza kwa kidevu. Tenti zilikuwa zimekunjwa na kufungwa kamba, zimepangwa ukutani. Acidri alisimama kando yake, mikono nyuma.

Simu ikalia.

Paska aliitazama. Aliitika, akaisogeza ili mume wake asikie.

"Mama ya tenti, mimi Keji. Kesho ni arobaini ya mama. Mawingu iko nakusanyika huku. Nimebonyeza mara moja tu. Mnakuja?"

Paska alimtazama Acidri. Kulikuwa na upepo wa mvua, na harufu yake.

Acidri alitazama tenti. Akatazama mawingu. Alikohoa.

"Natale, ndugu yangu. Lori yako iko tupu?"

"Tupu kabisa. Nilikuja kuchukua tenti."

"Basi chukua. Pakia zote."

Paska alifumba macho.

"Peleka Ludara," Acidri alisema. "Sala ikiisha, rudisha hapa. Tutakulipa safari. Kuuza, hapana."

"Eh! Na neno la askari?"

"Neno ya askari hairudi nyuma," Acidri alisema. "Imegeuka tu, inaenda mbele upande ingine. Utanikasirikia?"

Natale alicheka mpaka akaegemea lori. "Nikukasirikie? Nitumie jina la hiyo websaiti. Nami nina msiba wangu Arua. Websaiti yangu ilijengwa na bwana mmoja wa tai."

"Ulichinja mbuzi?" Paska aliuliza.

"Mbuzi? Nilichinja ng'ombe!"

Wewe unayesoma, ikiwa una duka, banda la kinyozi, kinu, au nyumba ya wageni, na umeambiwa utengeneze websaiti, usiogope. Tengeneza. Lakini kabla hujakata utepe, tafuta simu ya bei ndogo, yenye ufa. Mpe mteja wako ambaye mtandao wake ni dhaifu. Mpeleke juani, mkono mmoja uwe na kazi. Halafu nyamaza umtazame. Na anayekujengea akisema simu tutaifikiria mwishoni, mwambie watu wetu wamefikiriwa mwishoni vya kutosha.

Kesho yake, siku ya arobaini, mvua ilinyesha Ludara kama alivyosema Keji. Watu walikuja, majirani wa zamani wa Koboko na wale waliokimbia vita, wakakaa pamoja chini ya tenti, kwenye viti vya plastiki. Mchungaji alisoma bila haraka. Maji yalipita pembeni.

Keji alikuja kukaa karibu na Acidri. "Mzee," alisema, "ile websaiti."

"Imefanya nini tena?" Acidri alishtuka.

"Iko nafunguka."

Acidri aliinuka, kwa maana kamba ya pembeni ilikuwa imelegea, akaenda mvuani kuikaza.